Mkeka wa umeme chini ya nyasi: unakausha goli, hauponyi uwanja

Muuzaji akikuambia kwamba umeme "unahuisha" udongo wa uwanja, mwulize jambo moja kabla hajafungua kompyuta yake: maji yanatolewa wapi na yanaishia wapi? Akianza kuzungumzia nguvu za ardhi na uhai wa udongo, mshukuru na umsindikize mpaka getini. Akikuonyesha bomba la kutolea maji, mkaribishe kiti. Kifaa kizuri cha aina hii ni pampu tu, pampu isiyo na mota wala panga, inayosogeza maji kwenye udongo ambao mvuto wa dunia umeshindwa kuyashusha. Hapa tunakipima kama pampu: kinatoa maji kiasi gani, kinakula nini na kinaharibu nini.

Kinachouzwa kwa jina la mkeka ni nyavu mbili zinazopitisha umeme, rektifaya ya kugeuza umeme wa ukutani kuwa wa DC (unaokwenda upande mmoja tu) wa volti ndogo, kebo na kisanduku cha swichi, na bomba la kutolea maji. Wavu huwa wa chuma, wa titani iliyopakwa oksidi, au wa plastiki iliyochanganywa na kaboni. Mmoja hulazwa kama sentimita 10 chini ya uso wa uwanja, mwingine kwenye sentimita 30. Lipo pia toleo la fimbo zinazopigiliwa bila kufukua, tutalifikia. Masanduku ya "sumaku" na "mawimbi" yanayofungwa kwenye bomba la kumwagilia hatuyahesabu, na nyaya za kupasha udongo joto ni kazi nyingine kabisa.

Jambo lenyewe si geni. Ferdinand Reuss alilionyesha Moscow tangu 1809: umeme ukipitishwa kwenye mfinyanzi uliolowa, maji husogea kutoka anodi (ncha chanya) kwenda kathodi (ncha hasi). Miaka ya 1930 Leo Casagrande alilitumia Ujerumani kukausha na kuimarisha udongo laini kwenye kazi za ujenzi. Nyavu za kisasa, ambazo elektrodi (ile ncha inayopitisha umeme udongoni) na mfereji wa maji ni kitu kimoja, zinatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliozipeleka kwenye miteremko ya udongo inayotaka kuporomoka. Uwanja wa mpira ni kitinda mimba katika familia hii.

Siri yake iko kwenye uso wa chembe za mfinyanzi. Zina chaji hasi, kwa hiyo maji yanayozigusa yamejaa ayoni, yaani atomi zenye chaji, na hizi zina chaji chanya. Umeme ukipita, ayoni hizo hukimbilia kathodi na kuyakokota maji pamoja nazo. Uzuri ni kwamba mwendo huo haujali sana wembamba wa vitundu vya udongo. Ukiweka volti 50 kwa kila mita ya udongo, maji husogea takriban milimita 0.9 kwa saa, yaani milimita 21 au 22 kwa siku. Kwa mvuto peke yake, mfinyanzi ulioshindiliwa unaweza usipitishe hata milimita 0.1 kwa siku. Tofauti hiyo ndiyo bidhaa unayonunua.

Sasa weka mchanga mahali pa mfinyanzi. Vipimo vya USGA, chama cha gofu cha Marekani, ambavyo viliandikwa kwa ajili ya gofu lakini huazimwa na wajenzi wengi wa viwanja vya mpira, vinataka mchanga wa mizizi upitishe angalau milimita 150 kwa saa. Kuuongezea 0.9 ni kutia tone baharini. Uwanja wa mchanga unaotuama maji una ugonjwa mwingine: mifereji iliyoziba, tabaka la nyasi mfu, au matope yaliyoletwa na viatu. Hakuna volti itakayoutibu, na anayekuuzia mkeka kwa uwanja wa namna hiyo hajui kazi, au anaijua vizuri mno.

Kwa hiyo kabla ya bei, pima udongo. Anza na chupa. Saga udongo mkavu uliochimbwa kati ya sentimita 10 na 30, jaza theluthi ya chupa angavu, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa sana, kisha iache itulie. Mchanga hutua kwa dakika moja hivi, vumbi laini kwa saa kadhaa, na mfinyanzi hubaki umeyachafua maji mpaka kesho yake au zaidi. Kama karibu chote kimetua kabla hujamaliza kunawa mikono, funga daftari.

Kipimo cha pili ni kipande cha bomba chenye kipenyo cha sentimita 15. Kigongee sentimita 5 ardhini, lowesha eneo vizuri, jaza maji, angalia yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka milimita 20 au zaidi, huhitaji umeme. Yakikwama, rudia hatua moja pembeni baada ya kuondoa sentimita 5 za juu. Kipimo hiki cha marudio ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachookoa pesa. Kama bomba la pili linakunywa vizuri, tatizo lako ni ganda la juu. Mkeka hausaidii hapo hata kidogo, kwa sababu umeme unafanya kazi kati ya nyavu mbili, na ganda liko juu ya zote.

Kipimo cha tatu kinaamua. Chukua bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 10, lijaze udongo wako uliolowa mpaka unene wa sentimita 10, ukiushindilia kwa kidole gumba ili usiache mifuko ya hewa. Chini weka kipande cha wavu kama kathodi juu ya faneli, juu weka kingine kama anodi, na uso wa udongo uwe na maji kidogo. Tengeneza bomba la pili lililo sawa kabisa ila lisilo na umeme, maana bila hilo hujui kipi ni umeme na kipi ni mvuto. Weka volti 5. Udongo unaofaa utakupa kama mililita 7 kwa saa kwenye faneli, juu ya zile za bomba la pili, na ampia-mita itasoma karibu miliampia 20. Ukipata chini ya mililita 1, achana nayo. Ukiona miliampia 100 na matone machache, udongo una chumvi nyingi: umeme unabebwa na chumvi na maji yanabaki palepale. Bora kugundua hilo kwenye faneli kuliko chini ya goli.

Tukija kwenye gharama, kizio kinachosema kweli ni mita moja ya ujazo ya maji. Chukua boksi dogo la goli, mita 18.32 kwa 5.5, takriban mita za mraba 100. Kutoa milimita 10 za maji hapo ni mita moja ya ujazo, lita 1,000. Nyavu zikiwa umbali wa sentimita 20 na volti 10 kati yake, udongo wa kawaida wa mfinyanzi uliolowa (tumekadiria upitishaji wa siemensi 0.05 kwa mita) utavuta ampia 2.5 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni ampia 252 kwa boksi zima, kilowati 2.5, kwa saa 11. Yuniti 28. Kwa goli linalogeuka tope kila mvua, bei hiyo inavumilika.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa uwanja mzima wa mita 105 kwa 68. Milimita 10 zinageuka mita za ujazo 71, karibu yuniti 2,000, na ukitaka kuuwasha wote kwa mkupuo unahitaji ampia 17,850. Hapo mazungumzo ya uwanja mzima yanaisha. Mkeka ni wa magoli, wa njia ya mshika kibendera, na wa ile dimbwi moja ambayo kila mtunza uwanja anaijua kwa jina.

Lakini yuniti si gharama kubwa. Ukipunguza volti kutoka 10 hadi 5, yuniti zinashuka nusu na muda unaongezeka maradufu, na muuzaji atakuonyesha hilo kwa furaha. Asichokuonyesha ni kwamba ampia-saa (ampia mara saa za kuwaka) hazipungui. Kwa udongo huu, kila mita ya ujazo ya maji hutaka karibu ampia-saa 2,800, upunguze volti usipunguze. Na ampia-saa ndizo zinazokula chuma na kutengeneza asidi.

Chuma kwanza. Kila ampia-saa inayoingia kwenye anodi ya chuma huyeyusha gramu 1.04. Usiku mmoja wa kukausha boksi dogo unakula kama kilo 2.9. Mara 20 katika msimu ni kilo 58, na wavu hauliwi sawasawa: hukatika kwanza kwenye viungo na pembeni, halafu nusu ya boksi inabaki bila umeme wakati karatasi inasema chuma bado kipo kingi. Wavu wa chuma ni wa majaribio, usinunuliwe kwa kazi ya miaka. Titani iliyopakwa oksidi haliwi namna hiyo, ila ina udhaifu wake ambao utajitokeza hapa chini.

Asidi ni jambo zito zaidi. Kwenye anodi, maji yanavunjwa na kuacha asidi. Kwenye kathodi yanaacha alkali kwa kiasi kilekile. Karibu kabisa na elektrodi, pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) inaweza kushuka mpaka 2 au 3 upande mmoja na kupanda mpaka 11 au 12 upande wa pili. Kwa mfano wetu, usiku mmoja hutoa asidi ambayo kuituliza kunahitaji gramu 50 za chokaa ya kilimo kwa mita ya mraba, kilo 5 kwa boksi. Usiku 20 ni kilo nzima kwa kila mita ya mraba, kiasi ambacho huwezi kukimwaga juu ya nyasi hai ndani ya msimu mmoja na ukabaki na nyasi. Mfinyanzi hujitetea kiasi, hasa wenye chokaa ya asili, lakini haujitetei milele. Na anodi iko juu, upande wa mizizi. pH ikishuka chini ya 5 alumini ya udongo huanza kuyeyuka, na ncha za mizizi huwa fupi, nene, za kahawia. Ukiona hivyo kwenye kiini cha udongo ulichokitoa kwa bomba la sampuli, zima mtambo hata kama nyasi bado ni kijani.

Dawa inayotajwa na wauzaji wote ni kugeuza ncha: anodi iwe kathodi kwa muda, asidi na alkali zikutane. Inafanya kazi, na kwa gharama mbili. Ukigeuza, maji nayo yanarudi juu, kwa hiyo kila saa ya kugeuza inakula kazi ya saa iliyotangulia. Ya pili ni ule udhaifu wa titani: ule mpako wa oksidi hauvumilii kugeuzwageuzwa, unachoka na kubanduka. Mkeka unaotangazwa kuwa "wa titani ya kudumu" na papo hapo "unajigeuza wenyewe kila saa" unajipinga. Uliza dhamana ya mpako imeandikwa kwa ncha moja au kwa kugeuza. Wakati mzuri wa kugeuza ni kiangazi, udongo wa juu ukiwa mkavu: unavuta unyevu wa chini hadi kwenye mizizi na hapohapo unatuliza asidi.

Kuna na hoja ya oksijeni. Tumezoea kuicheka, lakini si uongo mtupu. Anodi isiyoliwa hutoa gramu 0.3 za oksijeni kwa ampia-saa, hivyo usiku wetu mmoja unaweza kutoa kama gramu 8 kwa mita ya mraba, kwa makadirio ya juu. Kwa mizizi iliyokuwa inazama, hicho si kidogo. Ila anodi ya chuma haitoi oksijeni hiyo, kwa sababu umeme wake unaishia kuyeyusha chuma. Kijitabu kinachoahidi oksijeni kwenye mkeka wa chuma kimeandikwa na mtu wa mauzo.

Kuulaza mkeka ni kazi ya siku chache na makosa mengi. Kata nyasi kwa mistari uziviringe kando, chimba sentimita 32, na uache sakafu na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea bomba lenye matundu. Bomba hilo liwe na mahali pa kumwaga palipo chini yake, shimo au mfereji, tena panapoonekana kwa macho. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linaloua mikeka mingi: kathodi hukusanya maji, haiyamalizi. Bila njia ya kutokea umetengeneza bwawa kwenye sentimita 30, na mvua inayofuata inalipandisha.

Juu ya bomba tandaza mchanga mnene wa sentimita 2, kisha wavu wa kathodi. Rudisha mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 10, ukiwa na unyevu wa kufinyangika bila kung'aa mkononi, ushindilie kwa miguu. Kishawishi ni kuuchanganya na mchanga "ili upitishe vizuri". Usichanganye: mapengo yenye hewa hukata njia ya umeme, na mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi ukikauka unakaribia tofali. Wavu wa anodi upakwe uji mzito wa mfinyanzi uleule ili ushikamane na udongo pande zote, halafu udongo wa juu, halafu nyasi.

Kebo zinataka heshima kuliko nyavu. Volti ni ndogo na ampia ni nyingi, na hapo ndipo mafundi waliozoea nyaya za nyumba hupotea. Gawa boksi katika saketi 4 za ampia 63. Ukitumia kebo ya shaba ya milimita za mraba 16, umbali wa mita 20 kwenda na 20 kurudi, karibu volti 3 kati ya 10 zinaishia kwenye kebo. Mtambo unasoma 10, udongo unapata 7, na wewe unalaumu udongo. Kwa kebo ya 35 upotevu unashuka mpaka volti 1.3 hivi. Vyovyote vile pima volti kwenye wavu wenyewe: acha waya mwembamba wa kupimia uliounganishwa kwenye kila wavu na kuletwa kisandukuni. Kila wavu uingizwe umeme kutoka pande mbili zinazokabiliana. Kiungo cha upande wa anodi kifunikwe kwa rezini kabisa, kwa maana shaba iliyo wazi upande huo huliwa kama chuma, tena kwa kasi kidogo zaidi, gramu 1.19 kwa ampia-saa.

Halafu kuna vyuma vya wengine. Soketi za nguzo za goli ziko kwenye ukingo wa eneo lako. Umeme unaingia kwenye soketi upande mmoja na kutoka upande mwingine, na pale unapotokea chuma kinaliwa, taratibu, bila dalili juu ya ardhi, mpaka nguzo ianze kucheza. Wavu usogezwe angalau mita moja kutoka soketi, au soketi ziwe za plastiki. Mabomba ya chuma ya kumwagilia na waya za athi za taa za uwanja zina hatari hiyohiyo. Mwenye ramani ya vilivyofukiwa aitwe kabla ya jembe la kwanza.

Usalama hauna mjadala mrefu: mtu akiwa uwanjani, umeme umezimwa, na ufunguo wa swichi uko mfukoni mwa mtunza uwanja. Nyavu za kulala zina nafuu, kwa kuwa umeme unaenda wima na uso wa ardhi hauna tofauti kubwa ya volti isipokuwa kingoni. Fimbo ndizo za kuogopwa. Zikiwa nusu mita mbalimbali kwa volti 25, mchezaji mwenye njumu za chuma na soksi zilizolowa anaweza kukanyaga volti hizo zote kati ya mguu na mguu. Rektifaya iwe na transfoma inayotenganisha umeme wa ukutani na wa uwanjani kabisa, na volti zisizidi 30. Mbwa, mbuzi na ng'ombe nao wana hatua ndefu na miguu mitupu. Uwanja usio na uzio usifungwe mtambo wa kuwaka usiku.

Fimbo zina mvuto wake, kwani hazifukui chochote, zinapigiliwa mchana mmoja. Lakini umbali kati ya elektrodi ukikua, volti zinakua, na yuniti kwa kila mita ya ujazo zinakua nazo: volti 25 badala ya 10 inatoka yuniti 28 inaenda karibu 70. Udongo unaoizunguka fimbo ya anodi unakauka kwanza, unasinyaa, unaacha upenyo wa hewa, na ampia zinaanguka wakati nusu mita pembeni bado kuna tope. Tunaziona zinafaa kwa msimu mmoja wa majaribio, kabla hujafukua kwa ajili ya nyavu. Zaidi ya hapo hatuzipendekezi.

Kuendesha kwenyewe ni kuangalia namba mbili. Subiri mvua iishe na maji ya juu yapotee, ndipo uwashe. Mkeka hauwezi kushindana na mvua ya milimita 20 kwa saa. Andika ampia kila saa, na pima maji yanayotoka bombani kwa ndoo. Udongo wa mfano wetu hutoa lita 0.36 kwa ampia-saa. Mwanzoni yatatoka zaidi, kwa sababu mvuto nao unafanya kazi yake, kisha yatashuka. Yakifika chini ya lita 0.1, zima. Kuanzia hapo hukaushi tena, unatengeneza asidi. Watu wengi huacha mtambo mpaka asubuhi kwa sababu saa imewekwa hivyo, na ndivyo boksi linavyochacha mwaka wa kwanza.

Ndoo na ampia-mita pia ndio madaktari wako. Ampia nyingi na maji machache ni chumvi, au mbolea iliyomwagwa juzi, au nyavu mbili zimegusana. Ampia kidogo tangu dakika ya kwanza ni kebo iliyokatika au wavu usioshika udongo. Ampia nzuri, maji mazuri, na bado juu kuna tope: ganda la juu limeziba, na hapo dawa ni uma wa kutobolea udongo, si umeme.

Mbolea ina hesabu yake. Naitreti ina chaji hasi na hukimbilia anodi, potasiamu na kalisi hukimbilia kathodi. Kwa mpangilio wa kukausha, naitrojeni inapanda kwenye mizizi na potasiamu inazama. Nyasi za golini zitakuwa kijani kizito, laini, na dhaifu kwa kukanyagwa, jambo ambalo mgeni ataliona kama mafanikio. Usiweke mbolea siku chache kabla ya kuwasha, na baada ya kila usiku wa kukausha rudisha potasiamu kwa dozi ndogo. pH ipimwe kila mwezi kwenye sentimita 5, 10 na 15, siyo juu tu.

Kasoro inayotuudhi kuliko zote haimo kwenye kijitabu chochote. Silaha ya kwanza ya mtunza uwanja dhidi ya tope ni mashine ya kutoboa, ile yenye misumari inayoshuka sentimita 20 hadi 30 na kuufungua udongo kwa kuunyanyua. Ukilaza wavu kwenye sentimita 10, silaha hiyo umeipiga marufuku. Msumari mmoja unakata anodi. Msumari mbaya zaidi unabonyeza wavu wa juu mpaka uguse wa chini. Unabaki na kutoboa kwa sentimita 7, na hilo lazima liendelee, maana sentimita 10 za juu ziko nje ya umeme na ndizo zinazokanyagwa. Yaani mkeka haukupunguzii kazi ya uma na mchanga, unakuondolea ile ya kina tu na kuahidi kuifanya yenyewe.

Kwa hiyo tunashindanisha mkeka na nini? Na mitaro myembamba ya mchanga, upana wa sentimita 5, kina sentimita 25 hadi 30, kila mita moja au chini ya hapo, inayomwaga kwenye bomba. Mitaro haili yuniti wala chokaa, na ikifungwa vizuri na kuwekewa mchanga juu kila mwaka inafanya sehemu kubwa ya kazi. Inashindwa pale mfinyanzi kati ya mtaro na mtaro ni mzito kiasi kwamba maji hayafiki mtaroni, na pale golini ambapo njumu huipaka tope ikazibika juu. Hapo, na hapo tu, mkeka una nafasi: boksi dogo la mfinyanzi halisi, lisilo na chumvi, lenye mahali pa chini pa kumwagia, lililokwisha kutobolewa na kuwekewa mitaro bila kupona. Tungeupa nyota tatu kati ya tano kwa mahali hapo, na moja kwa mahali pengine popote, hiyo moja ni ya rektifaya, ambayo unaweza kuitumia kwa kazi nyingine.

Ukiamua kununua, mkataba utaje lita kwa ampia-saa, zilizopimwa kwenye udongo wako na siyo wa maonyesho, pamoja na pH ya sentimita 10 baada ya msimu mmoja. Utaje pia nani ataufukua mkeka ukifa, kwa kuwa wavu uliokatika vipande chini ya sentimita 10 za udongo utakamata kila msumari, kila koleo na kila mtambo wa kukata nyasi za kuhamisha utakaopita hapo.